Fundi konekta wa Gerezani: ghali, ana maneno mengi, na waya zake haziungui

Nianze na bei, maana najua ndilo swali mtakalonipigia simu kuuliza. Speakon halisi, yaani konekta ya kuungia waya wa spika, kwa yule mzee wa Gerezani, ni Sh 18,000 moja. XLR ya maiki ni Sh 12,000. Kufungiwa na yeye au na binti anayemsaidia ni Sh 3,000 kila ncha, na hapunguzi hata ukimlilia. Ukishuka ngazi zake ukavuka barabara utauziwa kitu chenye umbo hilohilo, rangi hiyohiyo na maandishi hayohayo ubavuni kwa Sh 3,500, na muuzaji atakuapia kuwa ni orijino. Nimetumia vyote viwili kwenye mitambo yangu, na ng'ambo ya barabara sirudi. Lakini mzee naye ana vituko vyake, na nitavisema vyote.

Kwa wasionijua: nakodisha muziki, makao yangu Tabata. Harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, mahafali, na mikutano ya hadhara ikitokea. Nina vijana wa kufunga mitambo, nina kirikuu cha kubebea, nina spika za kutosha ukumbi mkubwa. Watu wanadhani katika kazi hii hela inaliwa na spika na amplifaya. Wapi! Spika ukinunua nzuri inakaa miaka. Kinachokula hela ni ncha za waya. Kila shughuli zinachomekwa, zinachomolewa, MC anazikanyaga, watoto wanazivuta, mtu anazimwagia soda, halafu saa tisa usiku kijana mwenye usingizi anazikunja kwa hasira na kuzitupia garini. Ukumbi mzima unategemea vidude hivyo, na ndivyo tunavyovinunua kwa kubana senti kuliko kitu kingine chochote.

Kilichonipeleka Gerezani ni ukumbi mmoja ambao siutaji kwa sababu haukuwa na kosa. Bi harusi yuko katikati anaingia, spika zote za upande wa kushoto zikazima. Muziki ukabaki upande wa bwana harusi peke yake. Watu walicheka, mama mzazi hakucheka, na salio la malipo yangu likazungushwa wiki kadhaa. Kijana wangu alipoichomoa ile konekta akairuka, ina moto, plastiki imelainika inabonyea kwa kidole. Tulikuwa tumeinunua msimu huohuo. Fundi mitambo mwenzangu wa Sinza akaniambia, usiitupe, mpelekee yule mzee, anapenda kuziona zilizokufa.

Shuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, ingia upande wa maduka ya spea za magari, uliza mzee wa konekta. Wauza spea wanamjua kwa sababu anawatengenezea soketi za taa na sensa zilizoungua. Bango hakuna. Ngazi ni nyembamba na zina giza, chumba ni kimoja ghorofa ya kwanza, ukuta mmoja wote ni visanduku vya plastiki vyenye vikaratasi vya majina, na juu ya kaunta kuna sumaku inaning'inia kwa uzi. Kiti cha mteja ni kimoja, na mara nyingi kina mteja mwingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta maiti?"

Nikampa. Akaifungua kwa bisibisi, akatoa kile chuma cha ndani kinachogusana na mwenzake, akakisogeza kwenye sumaku. Kikanasa.

"Hiki chuma tu," akasema, "kimepakwa rangi ya heshima."

Kinachotakiwa mle ndani ni kopa au brasi, na sumaku haishiki hata kimoja. Kisha akakiweka chini ya lenzi yake yenye taa akaniambia nitazame. Nilidhani nitaona kimeungua chote. Hapana. Sehemu kubwa ilikuwa inang'aa bado. Mahali pamoja tu, pembeni, palikuwa na kidoa cheusi kidogo kuliko kichwa cha pini, kimezungukwa na duara la kahawia na jingine la bluu. "Muziki wako wote ulikuwa unapita hapo," akasema. "Ile sehemu nyingine yote ilikuwa inatazama tu."

Hapo ndipo somo likaanza, na somo kwa mzee huyu ni lazima, halina malipo ya ziada wala mlango wa kutokea. Chuma kikigusana na chuma, hata kikisuguliwa kikawa kama kioo, kinagusana kwa vidoa vichache tu, na umeme wote unajibana upite kwenye vidoa hivyo. Aliyelikalia jambo hili maisha yake yote ni Msweden mmoja, Ragnar Holm, aliyezaliwa 1879, akafanya kazi Siemens kule Berlin, na baada ya vita akahamia Marekani akaendelea na utafiti pamoja na mkewe Else. Hadi leo wataalamu wa fani hii wana mkutano wao unaoitwa kwa jina lake. Mzee anamtaja Holm jinsi wengine wanavyowataja wachezaji wa zamani wa Simba.

Nikamwomba aniwekee kwa hesabu za muziki, akaniwekea. Amplifaya ikitoa wati 1,000 kwenye spika ya omu 4, kwenye waya zinapita karibu ampea 16. Konekta nzima ina ukinzani wa sehemu chache tu za elfu za omu moja, kwa hiyo pale kwenye mgusano inapotea kama wati moja, na hiyo huisikii hata kwa mkono. Springi ikilegea, kutu ikaingia, ukinzani ukafika sehemu moja ya kumi ya omu, zinapotea wati 25 mahali palepale. Wati 25 ndizo zilizoandikwa kwenye chuma changu kidogo cha kulehemu. Kwa hiyo nilikuwa na chuma cha kulehemu kimewashwa ndani ya konekta ya plastiki, bi harusi anaingia. Ni kweli muziki hauendi juu muda wote, lakini ninyi mnaijua singeli, haipumziki. Na joto likishaanza linailainisha springi, springi ikilegea ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda joto linaongezeka. Ndiyo maana konekta inavumilia miezi, halafu siku moja inajifia ndani ya dakika chache.

Sasa mzee wa Gerezani haya ameyatoa wapi? Nilimuuliza siku nyingine nikisubiri waya, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya badala ya kuwatumia namba yake tu.

Alisoma Ifunda enzi za shule za ufundi, akapata nafasi ya kwenda Dresden wakati Ujerumani ziko mbili. Zilipoungana akateremka kusini kutafuta kazi, akaipata kwenye kiwanda cha konekta za magari, akakaa hapo mpaka akastaafu na kurudi. Kazi yake ilikuwa kubuni konekta. Mimi, kusema kweli, sikuwahi kufikiri kwamba konekta inabuniwa na mtu. Nilidhani zipo tu, kama misumari ilivyo dukani.

Kazi ya kwanza aliyopewa ni ulimi wa plastiki wa milimita chache, ule unaoubonyeza ili konekta iachie. Ulimi huo tu. Usivunjike kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, usilainike pembeni ya injini kwenye nyuzi 125, uachie kwa kidole chenye glavu, na unapofunga utoe mlio ambao mtu wa kiwandani atausikia katikati ya kelele za mashine. Ule mlio wa "ta" unaousikia ukifunga soketi ya taa ya gari, kuna mtu alilipwa kuutafuta. Mzee anasema walikuwa wanabishana vikaoni kuhusu mlio.

Lakini ugomvi wenyewe, anasema, uko kwenye kushika. Pini iliyopakwa bati inataka ibanwe na springi kwa nguvu isiyopungua gramu 100 hivi ili ipenye ule utando mwembamba unaojitengeneza juu yake. Ukiipaka dhahabu inaridhika na nguvu ndogo zaidi, ila dhahabu ni dhahabu, kwa hiyo wanaipaka nyembamba, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, tena juu ya nikeli. Sawa, si ukaze springi basi? Ukikaza, kuchomeka kunakuwa kugumu na kila ukichomeka unakwangua kile ulichokipaka. Na konekta ya gari inaweza kuwa na pini 60. Nguvu ya pini moja zidisha kwa 60, halafu mfikirie mama anayesimama kwenye mstari wa kiwanda akichomeka mamia kwa zamu moja kwa kidole gumba. Kuna kiwango ambacho hawaruhusiwi kukivuka. Ndiyo maana konekta kubwa za magari zina kile kimkono cha kukunja: kidole kilishashindwa, wakaweka wenzo.

Nikamuuliza, kwa hiyo ulikuwa unachora tu mchana kutwa? Akacheka mpaka miwani ikashuka. Kuchora ilikuwa sehemu ndogo. Mtu wa molde, lile umbo la chuma la kumiminia plastiki, anakwambia kona hiyo haitoki kwenye chuma changu, izungushe. Mtu wa manunuzi anakuja na bati la nchi nyingine, bei nafuu, na kubadilisha muuza bati maana yake ni kurudia majaribio yote tangu mwanzo: meza inayotikisa, oveni, friza, kuchomeka na kuchomoa, kisha chumba cha chumvi, ambako konekta inakaa kwenye ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 kwa nyuzi 35. Nilipomwambia spika zangu huwa zinakesha Kunduchi kwenye harusi za ufukweni, akasema, "Kumbe wewe jaribio la chumvi unalifanya bure."

Kuna hoja moja anasema aliishindwa kikaoni, ya kupunguza unene wa kile kinachopakwa. Walipunguza. Konekta zilipoanza kurudi kutoka kwa mteja, aliyepandishwa treni kwenda kueleza ni yeye, si mtu wa manunuzi. Mpaka leo akiisimulia anakunja uso. Ana bati la biskuti lenye vipande alivyokuja navyo, vizima na vilivyovunjika, na ukimwachia atakutolea kimoja kimoja. Siku moja boneti ya gari la mteja ilikuwa wazi pale chini, akainama akanionyesha kidude cha kijivu pembeni ya betri. "Ulimi wangu huo." Mwenye gari alimwangalia kwa wasiwasi.

Turudi kwenye Speakon, kwa sababu ndiyo kitu anachokisifu kuliko vyote ingawa hakukitengeneza yeye. Wakubwa mtakumbuka spika zilikuwa zinaungwa kwa jeki nene ya milimita 6.35, ileile ya gitaa. Jeki hiyo asili yake ni mitambo ya simu ya karne ya 19, ya wale mabinti waliokuwa wanaunganisha simu kwa mkono. Haikutengenezwa kwa ajili ya ampea 16. Tena ukiichomeka amplifaya ikiwa imewashwa, ncha yake inapita kwenye chuma cha upande wa pili na kwa nukta moja unaipiga shoti amplifaya yako mwenyewe. Wengine walitumia XLR, na hapo kijana akichanganya, sauti ya spika inaenda kwenye tundu la maiki. Neutrik ni kampuni ya Schaan, Liechtenstein, nchi ndogo kuliko kisiwa chetu cha Mafia, ilianzishwa 1975, na mwaka 1987 ndipo wakaitoa Speakon. Unaingiza, unazungusha, inajifunga. Vyuma vyake viko ndani kabisa, huwezi kuvigusa kwa kidole wala kuvigusanisha. Huwezi kuichomeka vibaya hata ukiwa gizani na DJ anakupigia kelele. Mzee anasema aliyeichora alikuwa anawafikiria watu waliochoka. Vijana wangu hawamjui huyo mtu, lakini anawafaa kila Jumamosi.

Kwa sababu ni nzuri, imeigwa dunia nzima. Ya kuiga inafanana kwa nje. Ndani ndiko kuna chuma cha sumaku, springi inayochoka, na skrubu ambazo ukizikaza mara mbili meno yanaisha.

Sasa huduma yenyewe. Ukipeleka waya wako, kabla hajagusa konekta anaukata ncha na kuukwangua kwa kisu. Roli langu moja la waya lilipokwanguliwa lilitoa weupe: alumini iliyovikwa kopa juu. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa, na chini ya skrubu inatambaa polepole mpaka inalegea. Akaukataa. Nilibishana, nikamwambia nina shughuli kesho, nifungie tu. Akasema, "Nikikufungia, kesho utasema waya wa mzee umeungua," akaurudisha kwenye mfuko wangu. Niliondoka nimenuna. Roli lile sasa vijana wanaanikia nguo.

Waya ukipita mtihani, kazi inafanywa hivi, na mafundi someni vizuri kwa sababu wengi wetu tumezoea kinyume. Nyuzi zinazoingia chini ya skrubu ya Speakon hazipakwi risasi ya kulehemu. Sisi tunazichovya kwenye risasi ili zisimame vizuri, inapendeza kweli; lakini risasi ni laini, ikibanwa inasogea kidogo kidogo, na baada ya wiki kadhaa skrubu inacheza. Yeye anazisokota kavu, au anazivika kijibomba cha kopa na kukibana kwa koleo maalumu. Kubana bila risasi si uvivu. Mmarekani mmoja, Uncas Whitaker, alianzisha kampuni ya AMP mwaka 1941 juu ya kazi hiyohiyo, vichwa vya waya vya kubana kwa ajili ya ndege na meli. Ukibana kwa koleo sahihi, kopa na kichwa vinashikana kiasi kwamba hata hewa haipenyi katikati. Ukibana kwa plaizi ya kawaida, umeuponda tu waya. XLR yeye analehemu, lakini Speakon hapana.

Halafu anafunga ganda la nyuma libane ngozi ya waya, ili mtu akijikwaa nguvu iishie kwenye ngozi isifike kwenye nyuzi. Anauvuta waya kwa nguvu mbele yako, anapima kwa mita, anavika mpira wenye namba na mwezi. Waya zangu alizofunga zimepita msimu mzima wa harusi, wa mvua na wa Kunduchi, na ile hali ya kijana kushikilia konekta kwa mkono mpaka wimbo uishe imekwisha. Huwa napitisha mkono kwenye konekta katikati ya shughuli. Zimepoa.

Niliporudi kwa ajili ya waya za umeme nikapata somo jingine, hili fupi. Plagi zetu za miguu mitatu bapa zilitoka kwenye kiwango cha Uingereza cha 1947, na katika kamati iliyoanza kuifikiria wakati wa vita kulikuwa na mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett. Wazo la kuweka vizuizi ndani ya tundu ili mtoto asichomeke msumari linahusishwa naye sana: ule mguu mrefu wa juu, wa ethi, ndio unaovifungua. Ninyi mnaofungua tundu kwa kalamu ili mchomeke plagi ya miguu miwili, sasa mnajua mnachokifungua. Na fyuzi ya ndani ya plagi ikikatika, karatasi ya sigara si fyuzi. Hapo mzee hatanii, anakasirika kabisa.

Kwa amplifaya zenye powerCON, konekta ya umeme, ya bluu na kijivu: bluu inaingiza umeme, kijivu inatoa, na ile ya ampea 20 haitakiwi kuchomolewa umeme ukiwa unapita. Zima kwanza. Waliotaka ya kuchomoa ikiwa na mzigo walitengenezewa TRUE1, umbo lake ni jingine na haziingiliani. Hizo kwa mzee huwa zinaisha, na zikiisha hasemi zinakuja lini.

Na hapa niingie kwenye malalamiko. Mzee hana haraka. Waya ambao fundi wa kawaida anaufunga wakati unakunywa soda, yeye atauanza baada ya kumaliza kusimulia. Ukiwa na shughuli jioni usiende asubuhi yake. Konekta ya kuiga haigusi hata kwa dharura; nilimwomba mara moja anikazie skrubu tu ili nivuke usiku mmoja, akanionyesha sumaku. Ijumaa kuanzia saa sita mchana huyo hayupo, na saa ya kurudi anaijua mwenyewe. Kwenye zile ngazi usipeleke rak ya amplifaya, acha garini upande na waya peke yake. Maegesho ni yale ya Kariakoo, mnayajua.

Tena kuna kosa moja halisi. Katika fungu la XLR nililochukua, moja ilikuwa inanguruma. Nilipoirudisha, binti aliifungua akakuta pini namba 1, ile ya ardhi, risasi yake haikushika vizuri. Akairudia bure, akapima na nyingine zote nilizokuwa nazo, ila nauli na nusu siku hakuna aliyenirudishia. Mzee badala ya pole alinieleza kwa nini tundu la pini namba 1 limetokezwa mbele kidogo ili liguse kabla ya mengine, na kwamba konekta hizi zilianzia kwenye kampuni ya James Cannon ya Los Angeles. Vizuri kujua. Pole ingetosha.

Huyo binti mniruhusu nimsifu. Amemaliza chuo cha ufundi, mkono wake ni mwepesi kuliko wa mzee, na anajibu simu. Ana daftari ambalo anachora kila konekta iliyoungua inayoletwa: imeungulia wapi, waya gani, ilikuwa inapitisha mzigo gani. Mzee ndiye aliyemwanzishia, anasema kule kiwandani walikuwa na makabati ya kumbukumbu za namna hiyo. Nilimuuliza kama anataka kuwa mbunifu wa konekta. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba anataka kwanza kubuni kifuniko cha Speakon kisichoingiza mchanga wa ufukweni, kwa sababu mimi nimemletea mchanga mwingi sana. Tayari amechonga cha mfano kwa mpira wa tairi. Kinakaza mno, vijana wangu hawakiwezi kwa mkono wenye jasho. Anakipunguza.

Nani aende? Mwenye mitambo yake inayofanya kazi kila wiki, aende. Mwenye spika mbili za kwenye vikao vya vikoba, sidhani kama hesabu itakulipa kubadilisha kila kitu. Badilisha zile za spika za besi tu, ndizo zinazobeba mzigo. Fundi wa magari mwenye soketi ya sensa iliyoliwa na kutu, nenda, wauza spea wa chini wanasema huko ndiko anakofurahi zaidi.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile XLR na ngazi. Mpigieni kabla ya kwenda; namba iko kwa muuza betri wa duka la chini, na akipokea binti mwambieni mnataka ngapi na waya wenu una unene gani, atawaandalia. Akipokea mzee, kaeni chini kwanza.